Kura Mbili Koridoni

Jumamosi, 4 Februari

Mvua. Mwamuzi kakanyaga uwanja mara moja, buti likazama mpaka kifundoni, akageuka na kwenda zake. Mechi imeahirishwa tena. Tumekunywa supu ya nyama kwenye vikombe vya karatasi tukiwa tumesimama, tukaangalia madimbwi, tukarudi nyumbani.

Jumatano, 8 Februari

Jumatano ni siku yangu ya Bunge. Asubuhi nawavusha watoto wa shule pale njia panda na fimbo yangu ya kusimamisha magari, halafu narudi, nawasha redio na kupiga pasi huku Waziri Mkuu akiulizwa maswali. Marehemu mume wangu Stanley alikuwa akisema naisikiliza kama mechi. Kweli kabisa. Nazomea, nashangilia, namlaumu Spika kwa kutopuliza filimbi. Leo upande wetu umepewa lango wazi kabisa, mtu wetu kapiga juu ya mwamba. Nikampigia kelele redioni.

"Mama, hawakusikii," Janine akasema.

"Wachezaji wetu pia hawanisikii. Nimeacha?"

Nyumba hii ni ya Leba, chama cha wafanyakazi, tangu babu yangu alipokuwa akifanya kazi reli. Hata mbwa wetu alikuwa Leba. Alikuwa akimbwekea kila mtu wa wapinzani wetu Wahafidhina aliyeleta karatasi za kampeni, na hakuna aliyemfundisha.

Ijumaa, 10 Februari

Gazeti la Harrowbeck nalisoma kuanzia nyuma. Ukurasa wa mwisho: kipa wetu kavuta msuli wa paja akipanda ngazi nyumbani kwake. Hata hakuwa uwanjani, mjinga yule. Tuko wa pili kutoka mkiani.

Halafu nikageuza mbele. Diwani Derek Haigh, wa Leba, wetu sisi, anataka baraza la mji liuze Tenter, uwanja wa klabu yetu. Shirika la nyumba litajenga nyumba arobaini za kupangisha kwa bei nafuu. Klabu itatafutiwa mahali pengine. "Mahali pengine" ndivyo walivyowaambia watu wa Milnshaw, na Milnshaw leo haina timu.

Nilisoma na Derek Haigh darasa moja. Namkumbuka pua ikimtiririka. Nimempigia kura tangu ana nywele.

Simu ikalia. Shemeji yangu Clifford, katibu wa klabu, kaka yake Stanley.

"Umeona, shemeji?"

"Nimeona."

"Msaliti mkubwa!"

"Msaliti ni neno dogo, Clifford. Ngoja nitafute kubwa zaidi."

Janine alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma juu ya bega langu, mtoto kiunoni. "Arobaini, mama?" akasema, taratibu tu. Yeye na Alfie wanalala chumba changu cha nyuma, katikati ya meza ya pasi na maboksi ya Stanley. Yuko kwenye foleni ya nyumba za bei nafuu tangu kabla Alfie hajatambaa. Nilikunja gazeti. 

Jumamosi, 11 Februari

Mvua. Imeahirishwa.

Jumapili, 19 Februari

Clifford alituita wote tuje na uma za bustani tuchome uwanja mashimo ili maji yashuke. Tulikuja kama ishirini hivi. Kazi yenyewe ni ya kuvunja mgongo: unachoma, unatikisa, unachomoa, unapiga hatua, unachoma. Upepo unakata masikio.

Tukiwa kwenye nusu ya kwanza ya uwanja, akaingia Diwani Philippa Garside. Mhafidhina. Anakaa kule juu kwenye nyumba za mawe, na akizungumza utadhani anasoma taarifa ya habari. Amevaa buti za mpira, uma begani.

Mimi mdomo wangu haujawahi kunisubiri. "Umepotea njia, Diwani? Wapanda farasi ni kule."

"Sijapotea, nimechelewa," akasema. "Niambie nianze kuchoma wapi."

Nikampa kona ile ambayo maji hayatoki hata Agosti, makusudi. Akachoma. Hakupumzika, hakupiga picha, hakutoa hotuba. Saa ya chai tukamkuta ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi, viganja vimepasuka malengelenge. Nikaona aibu, nikampelekea pai yangu, na njegere juu.

"Asante, Avril."

"Jina langu umelijuaje?"

"Nakusikia kila Jumamosi. Nasimama nyuma ya kibendera cha kona."

Loh! Yule mwenye kofia ya mvua! Miaka yote hii nilidhani ni mama yake kipa. Kumbe baba yake alikuwa akimleta tangu mtoto, na alipofariki akaendelea kuja peke yake, anasimama pale pale. Hajawahi kuingia ukumbi wa klabu kwa sababu alijua sisi ni watu wa namna gani. Nikajiona mdogo.

Akatuambia jinsi mambo yalivyo barazani. Madiwani ni kumi na mmoja. Watano wanataka kuuza, Meya mwenyewe akiwa mmoja wao, na kura zikilingana Meya anapiga ya pili. Wanaotaka uwanja ubaki ni sita. "Na wa sita ni mimi," akasema, akinyonya njegere kwenye uma wa plastiki.

Nimempenda. Naandika hapa, na sitamwambia mtu: nimempenda Mhafidhina.

Jumatano, 1 Machi

Bunge. Bajeti, bajeti, bajeti. Nimeunguza kola ya shati.

Jumamosi, 4 Machi

Jua! Tumecheza! Tumeshinda mbili bila! Mashimo yetu yamefanya kazi, mpira ukawa unateleza vizuri kama kwenye zulia. Magoli yote kafunga yule kijana wa posta, ambaye asubuhi alikuwa ameshatembeza barua mtaa mzima. Kipindi cha pili jukwaa zima likaimba wimbo wa kumzomea Haigh. Maneno yake siwezi kuyaandika hapa. Mengi nilitunga mimi.

Jumatano, 8 Machi

Leo Haigh kasimamisha baiskeli yake pale njia panda yangu.

"Avril."

"Diwani."

"Zamani ulikuwa unaniita Derek."

"Zamani ulikuwa mtu wetu."

Hakukasirika. Ana uso mrefu, na siku hizi amechoka mpaka mabega yamelala. "Nina familia zinazolala sebuleni kwa watu," akasema. "Sina ardhi nyingine ya baraza yenye maji na barabara. Ningekuwa nayo, nisingegusa Tenter. Na Janine wako yumo kwenye foleni, unajua."

"Usimtumie mtoto wangu, Derek Haigh!"

"Simtumii. Ndiye ninayemfanyia kazi."

Nikanyanyua fimbo nikasimama katikati ya barabara, nikamzuia yeye na lori la maziwa nyuma yake, wala hapakuwa na mtoto wa kuvusha. Nikawaweka hapo mpaka nikaridhika. Akangoja kwa adabu, mguu mmoja chini. Lori ndilo lililopiga honi.

Hasira imenikaa kutwa nzima, na sijui hasa namkasirikia nani.

Jumamosi, 11 Machi

Sare. Baridi. Pai zimeisha mapema.

Jumamosi, 18 Machi

Siku tamu kuliko zote mwaka huu!

Wiki iliyopita Clifford alitoa hoja kwenye kamati, mimi nikaiunga mkono, na leo mapumziko tukamwita Philippa katikati ya uwanja. Clifford akashika kipaza sauti kinachokoroma. Akasema klabu yetu haina dhahabu ya kumpa mtu, lakini ina heshima, na kwa kauli moja kamati imemfanya Diwani Garside kuwa Makamu wa Rais wa Heshima wa Harrowbeck Town, mwenye kiti na kura kwenye mkutano mkuu. Akamchomeka beji kifuani. Jukwaa likalipuka. Watu ambao hawajawahi kumpa mkono Mhafidhina wakawa wanaimba jina lake, na kulifanya "Philippa Garside" liingie kwenye wimbo si kazi ndogo.

Alilia. Alijaribu kusema kitu kwa ile sauti yake ya redioni, ikavunjika. "Baba yangu angefurahi sana," ndilo pekee tulilosikia. Na mimi nikalia, na Clifford akalia akasingizia upepo.

Sisi ndivyo tulivyo. Mtu akituingia moyoni, tunampa cheo.

Alhamisi, 23 Machi

Tumejimaliza wenyewe.

Clifford amekuja mwenyewe, hakupiga simu, nikajua kuna msiba. Hakuvua hata kofia. Katibu wa baraza amewaandikia madiwani wote kuhusu mkutano wa Jumanne wa kupigia kura Tenter. Diwani yeyote mwenye cheo kwenye chombo kitakachofaidika au kuumia na uamuzi, atatangaza hivyo na kutoka nje ya ukumbi. Hazungumzi, hapigi kura.

"Cheo," Clifford akasema. "Cheo, Avril! Tumempa cheo!"

Nikakaa chini. Wakibaki watano kwa watano, Meya anapiga kura ya pili, Tenter imekwenda. Na ni sisi. Haigh hakunyoosha hata kidole. Ni sisi wenyewe, kwa shangwe na kipaza sauti.

"Basi ajiuzulu!" nikasema. "Ni beji tu! Aivue!"

Tukaenda mpaka kwake juu, mvua inapiga. Kumbe alishajua, ametutengea chai. Clifford akamwambia yote.

"Ningeweza kujiuzulu," Philippa akasema. "Nimeliwaza usiku kucha. Nijiuzulu leo, nipige kura Jumanne, Jumatano mnirudishie. Mji mzima utaelewa kilichofanyika. Na Haigh atakuwa na haki ya kuniita mdanganyifu, kwa sababu nitakuwa mdanganyifu."

"Nani atajali?" Clifford akafoka. "Philippa, kwa jina la Mungu! Uwanja unauzwa!"

"Mimi nitajali. Mlinipa kile kitu kwa moyo. Siwezi kukirudisha kama bidhaa dukani." Akatumiminia chai. "Na hata bila beji, Clifford, mimi ni mtu wa klabu hii. Hiyo ndiyo kweli yenyewe. Labda nilitakiwa kusema hivyo tangu mwanzo."

Nilitaka kumtikisa mabega. Nilitaka pia kumkumbatia. Nikanywa chai yake, ambayo ni nyepesi kupita kiasi, na kurudi nyumbani na mvua yangu.

Jumamosi, 25 Machi

Tumefungwa tatu. Hakuna aliyeimba.

Jumanne, 28 Machi

Naandika bado nimevaa koti.

Ukumbi wa baraza ulijaa skafu zetu. Upande mwingine walikaa watu wa foleni ya nyumba: akina mama na vigari vya watoto, vijana, mzee mmoja na mkewe wameshikana mikono. Katikati yao, Janine. Hakuniambia atakuja. Tukatazamana, akanyanyua kidevu. Kidevu kile ni changu.

Meya akauliza kama kuna mwenye maslahi ya kutangaza. Philippa akasimama. Beji iko kifuani, hakuificha. "Mimi ni Makamu wa Rais wa Heshima wa klabu ya Harrowbeck Town," akasema, na safari hii sauti haikuvunjika. "Naondoka." Akakusanya miwani yake na mkoba wake, akapita mbele yetu sote. Mtu mmoja nyuma yetu akapiga kelele, "Kaa, mama! Kaa!" Hakugeuka.

Haigh alikuwa akimfuata kwa macho mpaka mlango ulipofungwa. Nilimwona. Nilidhani anafurahi.

Sikuweza kumwacha yule mwanamke akae peke yake. Nikawapitia watu magoti, nikatoka nikamkuta kwenye benchi la koridoni, chini ya picha za mameya waliokufa. Nikakaa.

"Utakosa kusikia," akasema.

"Nimeshasikia vya kutosha."

Tukazungumza habari za kipa na paja lake. Nikamwambia nilimdhania mama wa kipa huyo, akacheka mpaka akajifuta machozi, halafu akaendelea kujifuta, na kicheko kilikuwa kimeshaisha. "Nimewapotezea uwanja," akasema.

"Tumejipotezea. Wewe ndiye pekee uliyetenda vizuri."

Ndani sauti zilipanda zikashuka. Kisha mlango ukafunguka, akatoka Derek Haigh. Akaufunga nyuma yake taratibu, akaja akakaa upande wa pili wa Philippa, mikono kwenye magoti.

"Wamemaliza?" nikamuuliza.

"Bado. Ndiyo wanaanza kupiga kura."

"Sasa wewe unafanya nini huku?"

Hakunijibu mimi. Alimwambia Philippa, akiangalia ukuta. "Bungeni mmoja asipoweza kupiga kura, mpinzani wake anakaa nje naye, hesabu ibaki ilivyokuwa. Humu hatuna kanuni hiyo. Lakini wewe ungekuwa ndani kama si wale wapumbavu wako wa skafu kukupenda mno."

"Derek," Philippa akasema, "ukitoka wewe, unashindwa."

"Najua kuhesabu, Garside."

"Hukulazimika."

"Wala wewe hukulazimika." Akavuta pumzi. "Mimi nilikuwa tayari kukushinda. Sasa nikushinde vipi na wewe hupo?"

Nilitazama ule uso mrefu niliouimbia matusi tangu mwanzo wa Machi, nikakosa pa kuweka macho.  Sijui lini mara ya mwisho nilikosa neno. Stanley angeita daktari.

Kelele zikapasuka ndani, vigelegele na miguu inapigwa sakafuni. Watano kwa wanne. Tenter imebaki.

Haigh akainuka, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. Watu wetu wakamwagika nje, wakambeba Philippa, hakuna aliyemwangalia yeye. Kisha wakatoka wale wa upande wa pili na vigari vyao, kimya. Yeye akabaki mlangoni akiwangoja, akamshika mkono kila mmoja. Wengine walimpa. Janine alipita na mikono mfukoni.

Jumatano, 29 Machi

Redio sikuiwasha. Janine kaosha vyombo kwa kishindo, kisha akageuka.

"Alikuwa na nyumba yangu mkononi, mama. Akaiacha koridoni ili aonekane muungwana."

"Hakufanya ili aonekane."

"Kwangu mimi kuna tofauti gani?"

Alfie alikuwa amelala kwenye kitanda chake chini ya meza ya pasi, kwa sababu hakuna pengine pa kukiweka. Nilifurahia uwanja usiku mzima. Asubuhi hii nimekunja skafu yangu nikaiweka kabatini.

Jumamosi, 15 Aprili

Mvua nyepesi. Tumeshinda. Watu wakaanza wimbo wa Haigh kwa mazoea, nikawaambia wanyamaze. Clifford kaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 29 Aprili

Mechi ya mwisho. Sare, na sare inatosha, hatushuki daraja. Philippa alikuwa nyuma ya kibendera chake cha kona. Tulimwita aje kukaa kwenye viti vya wakubwa, akasema kule haoni mpira. Ndiyo maana nampenda.

Alhamisi, 4 Mei

Uchaguzi wa madiwani. Kituo chetu cha kura ni ukumbi wa klabu, kama miaka yote. Haigh alikuwa amesimama nje ya geti na ua lake la utepe mwekundu wa Leba kifuani, peke yake. Watu wetu wanampita kwa sababu alitaka kuuza uwanja. Watu wa nyumba wanampita kwa sababu hakuuuza.

Mimi ningempa salamu tu, lakini Janine akasimama mbele yake, mtoto begani.

"Nataka nijue kitu kimoja. Kwa nini ulitoka?"

Nikamfinya. Akanisukuma mkono.

Haigh hakuleta hotuba. "Ningebaki, ningekupa nyumba ambayo mji mzima ungesema imeibwa."

"Ningelala humo vizuri tu," Janine akasema.

Yule bwana aliipokea ile sentensi kama kofi.  Wapiga kura wanapita, na yeye hakujali nani anasikia. "Najua," akasema. "Nakuwaza kila siku, wewe na mtoto. Samahani, Janine."

Janine alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, si kwa samahani. Akamhamisha Alfie bega la pili. "Sasa?"

"Sasa, nikirudishwa, Septemba naipeleka tena. Tenter ile ile. Garside atavua cheo chake mapema wala si siri, kaniambia mwenyewe kwa simu. Atakaa ndani na mimi nitakaa ndani."

"Derek!" nikasema. "Baada ya yote haya?"

"Ndiyo, Avril. Mpaka nipate ardhi nyingine au nife."

"Nitakuzomea mpaka sauti inikauke."

"Hiyo sauti haikauki. Nimeijaribu miaka hamsini."

Tukaingia. Janine akachukua kibanda cha kushoto, mimi cha kulia, na ile penseli fupi iliyofungwa kwa kamba. Uwanja ulikuwa unaonekana dirishani, nyasi zimekuwa kijani kibichi, mashimo yetu yote yamefunga. Nikautazama sana. Kisha nikaweka alama yangu kwa mtu anayetaka kuuchukua.

Nje nikamuuliza Janine kampa nani.

"Kura ni siri, mama," akasema. Lakini alipompita Haigh getini, alitoa mkono mfukoni akampa.